Picha Isiyo na Jina

Msomaji, mwanadamu huzaliwa na vyombo viwili vya kumbukumbu: jicho na ulimi. Jicho huona, na ulimi husimulia yaliyoonwa. Kalamu ilikuja baadaye ikausaidia ulimi. Kamera ilikuja baadaye zaidi ikalisaidia jicho. Katika insha hii nataka tufuatane, mimi na wewe, kando ya Mto Tana hadi Garissa, na kutoka Garissa hadi visima vya Wajir na kinamasi cha Lorian, tutazame jinsi kamera ilivyoingia katika nchi hiyo mikononi mwa wasafiri na wataalamu wa zamani. Tutauliza ilifanya nini, ilishindwa nini, na inatudai nini sisi tuliorithi picha zake.

Nitakuambia mapema neno ninalokusudia kulithibitisha, ili ulipime kadiri tunavyokwenda. Picha ni shahidi mwenye macho makali, lakini ni bubu. Huona kila kilichokuwa mbele yake, hata jiwe dogo ambalo mwenye kamera hakulitia maanani. Walakini haiwezi kusema jiwe hilo ni la wapi, uso ule ni wa nani, wala siku ile ilikuwa ya mwaka gani. Maneno hayo yasipoandikwa na aliyekuwapo, shahidi husimama barazani siku zote, na watu humtazama, wala hakuna apatacho kusikia kwake.

Kamera ilitangazwa kwa walimwengu mwaka 1839. Kwa miaka mingi baada ya hapo ilikuwa chombo cha watu wachache, kwa kuwa mpiga picha alilazimika kukipaka kioo chake dawa, kukitia katika kamera kingali kibichi, na kukisafisha kabla hakijakauka. Aliyesafiri na kamera ya namna hiyo alisafiri na duka zima la dawa. Mwaka 1860 James Augustus Grant, aliyefuatana na John Hanning Speke kutafuta chimbuko la Mto Nile, alipiga picha Unguja. Lakini katika safari ndefu ya bara alitegemea zaidi kuchora kwa mkono. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1870, vilipopatikana vioo vikavu vilivyokwisha pakwa dawa, ambavyo msafiri aliweza kuvichukua sandukuni kwa miezi mingi. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani aliuza kamera ndogo iliyotumia filamu ya kuviringwa, na tangu hapo kazi ya kupiga picha iliweza kufanywa hata na mtu asiye fundi.

Wataalamu hawakukawia kuona faida. Katika akiolojia, yaani elimu ya mambo ya kale, Alexander Conze alikwenda mwaka 1873 kuchimba katika kisiwa cha Samothrace, nchi ya Uyunani, akiwa na mpiga picha. Na taarifa yake ya mwaka 1875 ilipambwa kwa picha zenyewe badala ya michoro peke yake. Sababu yake ni nzito, nawe uishike. Mchimbaji wa mambo ya kale huharibu akisomacho. Kila tabaka la udongo analoliondoa haliwezi kurudishwa lilivyokuwa. Ni kama msomaji ambaye kila ukurasa aumalizao huuchoma moto. Basi asipouandika na kuupiga picha ukurasa huo kabla ya kuuchoma, ameua kitabu.

Katika anthropolojia, yaani elimu ya wanadamu na mila zao, kamera ilianza vibaya. Mwaka 1869 mtaalamu wa Uingereza, Thomas Huxley, alishauri kwamba watu wa makoloni wapigwe picha wakiwa uchi, wamesimamishwa kando ya fimbo ya kupimia, mbele na ubavuni, ili maungo yao yalinganishwe. Mwaka huo huo John Lamprey alieleza namna ya kumsimamisha mtu mbele ya kiunzi kilichotandikwa nyuzi za hariri katika miraba ya inchi 2. Kwa njia hiyo mwanadamu mwenye mama na baba, mwenye shamba au mifugo, mwenye jina na heshima, alifanywa kama gogo lililo mikononi mwa mpasua mbao. Alitokea mtu wa kuikosoa njia hiyo. Mwaka 1893 Everard im Thurn, aliyekaa miaka mingi Guiana, aliwaambia wenzake kwamba picha za kupimia miili hazitoshi. Kamera iwaonyeshe watu wakiwa hai, katika shughuli zao na desturi zao. Lakini kati ya ushauri wa Huxley na ule wa im Thurn palipigwa picha nyingi katika Afrika, na baada yake pia si wote waliosikia.

Sasa tuje Tana. Mto huu, ulio mrefu kuliko yote ya Kenya, ulikuwa mlango wa kuingilia nchi ya kaskazini mashariki. Mwaka 1878 Clemens Denhardt na daktari Gustav Fischer walisafiri katika mto huo. Mwaka 1891 meli ndogo ya moshi iitwayo Kenia, chini ya Kapteni F. G. Dundas, ilipanda maji yake. Kisha mwaka 1892 kijana wa Marekani, William Astor Chanler, mwenye umri wa miaka 25, alitoka pwani ya Lamu na msafara wake kuufuata mto. Mwenziwe alikuwa Ludwig von Höhnel, afisa wa majini kutoka Austria, mchora ramani hodari, yule aliyefika Ziwa Turkana pamoja na Samuel Teleki mwaka 1888. Walipita katika nchi ya Wapokomo na ya Waorma, wakaendelea juu mpaka nyanda zilizo kando ya Ewaso Nyiro. Walitaka kujua mto huo unakwisha wapi. Walikuwa wamesikia habari za ziwa kubwa la Lorian; walipofika waliona kinamasi. Mwaka 1893 Höhnel alipigwa na kifaru akaumia vibaya, ikabidi arudishwe pwani. Na msafara wote ulikwisha mwaka uliofuata. Kitabu cha Chanler kilichapishwa mwaka 1896, na ndani yake mna picha zilizotokana na kamera yake mwenyewe.

Tuketi kidogo na kazi ilivyokuwa, maana picha moja katika kitabu ilikuwa na jasho la watu wengi. Mzigo wa mpagazi mmoja katika misafara ya zama zile ulikuwa kama ratli 60 au zaidi. Vioo vya kupigia picha ni vizito, tena huvunjika. Sanduku moja la vioo na chupa za dawa lilihitaji mabega ya mtu mzima, na miguu isiyojikwaa. Mpagazi akianguka kijitoni, kazi ya miezi mitatu hugeuka vigae. Wapagazi hao aghalabu walitoka pwani na visiwani, na katika nchi kavu ngamia na wachungaji wao Wasomali walichukua mizigo. Twawasoma mara chache katika vitabu, lakini pasipo wao pasingekuwa na picha hata moja ya kututazamisha.

Kisha palikuwa na joto. Kioo kikavu kilipakwa utando wa gelatini wenye chembe za fedha ndani yake. Gelatini hulainika katika maji ya uvuguvugu. Na msafiri wa Tana hapati maji ya baridi hata usiku wa manane. Akikitia kioo katika dawa ya kusafishia, utando hukunjamana, au huteleza ukatoka kioni kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Dawa yake ilikuwa kuukaza utando kwa maji ya shabu. Maji ya mto wenyewe ni mekundu kwa tope, yalihitaji kutuamishwa na kuchujwa. Na maji ya visima vya bara mara nyingi yana chumvi. Kazi hiyo ilifanywa usiku ndani ya hema lililofungwa, kwa taa yenye kioo chekundu, jasho likitiririka, na wadudu wakija kwa mwanga. Ikisha, vioo vilianikwa vikauke, na wadudu wapendao gelatini waliweza kula uso wa mtu katika usiku mmoja. Wako waliochagua kutosafisha chochote njiani, wakafunga vioo vyao mpaka warejee pwani au Ulaya. Hao walisafiri mwaka mzima bila ya kujua kama wana picha au wana vioo vitupu. Ukumbuke jambo hilo, maana tutalirudia.

Hata palipokuwa na ufundi wote, jicho la kamera ya zamani lilikuwa na upofu wake. Dawa za wakati ule ziliona vizuri rangi ya buluu, na hazikuiona nyekundu. Mbingu yenye mawingu ilitoka nyeupe tupu. Udongo mwekundu ulitoka mweusi. Na ngozi ya hudhurungi ilitoka nyeusi kuliko ilivyo, hasa ikiwa mtu amevaa nguo nyeupe juani. Msomaji wa London au New York alipoyatazama hayo alidhani ameiona nchi na watu wake kama walivyo. Kumbe aliona pia udhaifu wa dawa.

Labda ndiyo sababu mojawapo brashi haikuacha kazi hata baada ya kamera kuenea. Mchoraji Joy Adamson alikutana na George Adamson, aliyekuwa afisa wa wanyama wa porini, mjini Garissa wakati wa Krismasi ya mwaka 1942. Na baadaye, tangu mwaka 1949, serikali ya koloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya pamoja na mavazi na mapambo yao. Picha zake za rangi zilitolewa katika kitabu mwaka 1967. Kamera zilikuwapo tele wakati huo. Lakini rangi ya ushanga na ya kitambaa ni maneno katika lugha ya mavazi, na kamera ya nyeupe na nyeusi ilikuwa inayafuta maneno hayo. Walakini mchoraji naye huchagua. Humketisha mtu amtakaye, amevaa atakavyo mchoraji avae. Basi brashi na kamera ni ndugu katika jambo hili: nyuma ya kila kimoja yuko mtu aliyechagua.

Na ni nani aliyepata kuchagua katika nchi ya Garissa, Wajir na Mandera? I. N. Dracopoli alisafiri kutoka Kismayu kupita nchi ya Juba mpaka kinamasi cha Lorian, na mwaka 1914 akatoa kitabu chenye picha na ramani. Wasafiri wa namna yake hawakuwa wengi, na baadaye wakapungua zaidi. Mwaka 1926 Wilaya ya Mpakani Kaskazini ilitangazwa kuwa nchi iliyofungwa: mgeni hakuruhusiwa kuingia bila ya kibali. Sheria ya mwaka 1934 ya wilaya maalumu ilizidi kukaza mambo. Kwa hiyo picha nyingi za nchi hiyo katika zama hizo zilipigwa na afisa wa serikali, au askari, au mwindaji mwenye kibali. Simwambii mtu kwamba hao wote walikuwa wabaya. Wako waliokuwa wadadisi wenye bidii. Nasema tu kwamba mtu aliyesimama mbele ya kamera ya Bwana Shauri hakusimama kama asimamavyo mbele ya jirani yake. Ukitazama picha ya wazee waliopangwa mstari mmoja, mikono imenyooka, nyuso hazina tabasamu, usiseme, "Watu hawa walikuwa wakali." Jiulize kwanza ni nani aliyekuwa upande wa pili wa kamera, na ana mamlaka gani juu yao.

Lakini hasara kubwa kuliko zote ni ile ya majina. Fikiri, msomaji, juu ya desturi ya Wasomali iitwayo abtirsi. Mtoto hufundishwa tangu utotoni kuhesabu majina ya baba zake: jina lake, la baba, la babu, la baba wa babu, na kuendelea mpaka vizazi vingi. Kwa majina hayo hujulikana ndugu yake, jirani yake, na nani wa kumsaidia siku ya shida. Jina la mtu katika nchi hiyo ni mlango wa nyumba yenye vyumba vingi. Sasa aje msafiri, apige picha uso wa mtu huyo, kisha aandike chini yake: "Msomali", au "Mpokomo na mtumbwi wake". Amechukua uso, ameacha mlango umefungwa. Katika vitabu vya zamani picha nyingi mno ni za namna hiyo. Kifaru aliyeuawa hupewa tarehe na mahali. Mtu aliye hai hupewa kabila peke yake.

Na hata hayo majina ya makabila hayakusalimika. Watu waliojiita Waorma waliandikwa "Galla", jina walilopewa na wengine. Waweer wa misitu ya Ijara na Lamu waliandikwa "Boni". Wamunyoyaya wa kando ya mto waliandikwa "Korokoro". Nchi nayo ilibadilika majina na mipaka. Nchi ya Juba ilikuwa chini ya Waingereza mpaka mwaka 1925, ilipokabidhiwa Italia. Kwa hiyo picha iliyoandikwa "Jubaland" huenda ni ya mahali ambapo leo ni Somalia, na huenda ni ya jirani na Garissa. Mwaka 1963 ukaundwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, na tangu mwaka 2013 Garissa, Wajir na Mandera ni kaunti tatu. Mwanafunzi atakayetafuta picha za nchi yake kwa jina la leo peke yake atarudi mikono mitupu, ingawa picha zipo katika masanduku yenye majina ya jana.

Tuache nyuso kidogo, twende kwenye mawe. Katika nchi kavu ya kaskazini mashariki yako marundo ya mawe ya duara, makaburi ya watu wa zamani. Wenyeji wa Wajir wana masimulizi juu ya watu waitwao Wamadanle, ambao ndio wasemwao kuwa walichimba visima vya kale katika miamba. Mwaka 1933 A. T. Curle alichapisha katika jarida la Man, mjini London, taarifa fupi juu ya makaburi ya kale ya nchi hiyo ya mpakani. Na mwaka 1937 akaandika katika jarida la Antiquity juu ya magofu ya miji ya Usomali. Kwa kazi ya namna hii kamera ni rafiki mwema, ikitumiwa kwa akili. Rundo la mawe likipigwa picha adhuhuri, jua likiwa utosini, hutoka bapa kama chapati. Likipigwa asubuhi au jioni, vivuli huinuka na kila jiwe huonekana mahali pake. Likipigwa bila ya kipimo kando yake, hapana ajuaye kama ni kaburi la shujaa au ni kichuguu. Na likipigwa bila ya kuandikwa upande wa kaskazini uko wapi, haliwezi kutuambia maiti alielekezwa wapi, jambo ambalo pengine ndilo lililokuwa muhimu kuliko yote kwa waliomzika.

Ziko faida nyingine. Kaburi ni la mtu, na mtu ana wenyewe. Palipo na picha nzuri na vipimo sahihi, mengi yaweza kujulikana pasipo kuinua jiwe hata moja. Kamera yaweza kuwa ulinzi wa maiti dhidi ya sururu.

Hapo ulipo huenda unasema: "Je, kukosa picha moja au maelezo yake kwaweza kudhuru kiasi gani?" Nitakujibu kwa habari ya kweli, ingawa yatubidi tuondoke Tana tuvuke Kenya mpaka kando ya Ziwa Viktoria. Tarehe 29 Machi 1932, mahali paitwapo Kanam, Juma Gitau, mmoja wa wafanyakazi wa Louis Leakey, aliona kipande cha taya la binadamu ndani ya jiwe. Leakey aliamini kwamba taya hilo ni la kale mno, na jambo hilo likatangazwa. Alikuwa ametia vigingi vya chuma kuonyesha mahali. Alikuwa amepiga picha pia. Lakini kamera yake ilikuwa inaingiza mwanga, na picha zote zikaharibika. Akatumia picha ya mtu mwingine aliyekuwa amefika huko. Mwaka 1935 mtaalamu wa miamba, Percy Boswell, alisafiri kutoka Uingereza kuja kuhakikisha. Walipofika, vigingi havikuwapo. Watu wa jirani walikuwa wameving'oa kwa matumizi yao. Mahali penyewe hapakuweza kuonyeshwa kwa yakini. Na ile picha ya kuazima, ilibainika kuwa ni ya mahali pengine! Boswell aliandika barua katika jarida la Nature, ikatoka tarehe 9 Machi 1935, akisema kwamba ushahidi hautoshi. Sifa ya Leakey ilipata jeraha ambalo lilichukua miaka mingi kupona.

Lakini asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na Leakey alifunzika. Tarehe 17 Julai 1959, katika bonde la Olduvai nchini Tanganyika, Mary Leakey aliona fuvu la kale likichungulia ardhini. Ungedhani wangelichimbua saa ile ile, baada ya kutafuta kwa miaka mingi. Hawakufanya hivyo. Walilifunika kwa mawe, wakamngoja mpiga picha Des Bartlett afike, ili kila hatua ya uchimbaji ionekane na watu wote. Fuvu hilo lilipokwenda mbele ya wataalamu, hapakuwa na wa kuuliza lilitoka wapi. Tofauti kati ya Kanam na Olduvai, kwa upande wa ushahidi, ni subira ya siku chache na kamera nzima.

Sasa linganisha, msomaji, habari hizi mbili. Kule Kanam tunalo jina la mtu aliyeona taya, na tarehe tunayo; kilichokosekana ni picha ya mahali, na kwa kukosekana kwake ukweli ulipotea njia. Huku Tana na nchi ya mpakani tunazo picha za nyuso na mitumbwi, za ngamia na visima. Kilichokosekana ni majina. Wataalamu walilia kwa ajili ya upungufu wa kwanza, wakarekebisha kazi yao. Kwa ajili ya upungufu wa pili ni wachache waliolia, maana waliopungukiwa hawakuwa wataalamu. Walikuwa watu wa kijiji kile, na wajukuu wao. Mimi naona kwamba makosa haya mawili ni kosa moja. Jiwe lisilojulikana mahali pake na mtu asiyejulikana jina lake wote wamepokonywa ushahidi wao. Elimu inayoona aibu kwa la kwanza, na haioni aibu kwa la pili, haijatimia.

Pengine utauliza: "Yaliyopita yamepita, yatufaa nini kuyalalamikia?" Hayakupita yote. Picha za kale za nchi hii zimo katika vitabu vilivyochapwa na katika hifadhi za makumbusho na vyuo. Kila moja yangoja mtu wa kuisemea. Mtaalamu wa mbali aweza kuhesabu aina ya karatasi na dawa iliyotumika; lakini ni mzee wa Garissa au Wajir awezaye kusema, "Kisima hiki nakijua, na ukoo huu ndio waliokuwa wakinywesha hapa." Jina la uso laweza kuwa limekwisha potea, walakini jina la kisima, la mti, la kivuko cha mto, la alama iliyochomwa kwenye shingo ya ngamia, bado laweza kupatikana. Alama ya ngamia hutaja ukoo, na ukoo ukijulikana mlango wa majina umefunguka nusu. Penye wazee haliharibiki neno. Lakini wazee hawakai milele.

Tena, kazi si ya wageni tu kama ilivyokuwa. Mwaka 1989 Mkenya George Abungu alikamilisha katika chuo cha Cambridge utafiti wake wa akiolojia juu ya watu wa Mto Tana na uhusiano wa bonde lake na delta, na baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mto ule ule uliopigwa picha na mpita njia ulipata kusomwa na mtu wa nchi. Na leo kamera haihitaji mpagazi wala shabu. Imo mfukoni mwa mchungaji wa ngamia. Lililokuwa gumu, yaani kuipata picha, limekuwa jepesi kuliko kuvuta pumzi. Lililokuwa jepesi, yaani kuandika maneno machache chini yake, ndilo tunaloliona zito. Kwa hiyo hatari ya zamani imerudi kwa sura nyingine: wajukuu wetu watarithi picha nyingi kuliko zilizopata kuwako duniani, nazo zote huenda zikawa bubu.

Basi ukipata nafasi ya kupiga picha mambo ya kale au desturi za watu, uyashike haya. Kwanza, omba ruhusa, na ukinyimwa uondoke kwa adabu. Katika nchi ya Waislamu wenye staha, mwanamke hapigwi picha kwa kuviziwa, wala kaburi halifanywi mchezo. Pili, andika jina la mtu kama yeye mwenyewe alitamkavyo, na la baba yake. Tatu, andika mahali kwa jina la wenyeji, na tarehe, na upande uliokuwa ukielekea. Nne, kwa kitu au jiwe, weka kipimo kando yake. Tano, mwachie nakala mwenye uso. Maana aliyekupa sura yake amekukopesha, na mkopo hulipwa.

Chanler alikwenda Lorian akitafuta ziwa, akaona kinamasi. Alisema alichokiona, na kwa hilo anastahili sifa. Lakini kando ya njia yake walisimama watu waliojua tangu zamani kwamba Lorian ni kinamasi, nao walijua pia majina ya vivuko vyote. Wengine kati yao wamo katika picha za zama zile, wametutazama kwa zaidi ya miaka 100 bila ya kutuambia wao ni nani. Wao hawana lawama, hawakuulizwa.

Wewe ukisimama mahali pa mwenye kamera, uliza.